Gitaa la Mjomba Ndani ya Kinanda Changu

Mwaka 2007 nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nikipiga kinanda cha umeme katika kwaya ya kanisa letu, mtaa wa Section 58, Nakuru. Mpiga gitaa wetu alikuwa mjomba wangu, kitinda mimba katika familia ya mama yangu. Aliishi Karagita, kando ya Ziwa Naivasha, katika chumba kimoja cha kupanga, na kazi yake ilikuwa kukata waridi kwenye shamba la maua. Jumamosi ambazo hakuwa kazini alikuja Nakuru, gitaa lake la mbao limefungwa kwa shuka, tukafanya mazoezi. Aliniita Mama, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake, na hata akinikosoa alinikosoa kwa adabu, kama mtu anayemkumbusha mzazi wake jambo.

Mwaka huo tulianza kurekodi CD ya nyimbo za kwaya. Studio ilikuwa chumba cha nyuma cha duka la vitambaa mjini. Mwenye duka, mzee wa Kihindi, alikuwa akifungua mlango wa kati ili atusikie huku akipima vitambaa. Fundi wa mitambo alikuwa kijana mwenye haraka zake. Shambani kwa Mjomba kazi ilizidi, akakosa Jumamosi tatu mfululizo, na fundi akachoka kungoja.

"Si hiyo kinanda iko na gitaa ndani?" aliniuliza. "Piga hiyo, tumalize."

Sauti ya gitaa ilikuwemo. Nikaibonyeza, nikapiga noti zote kwa pamoja kama nilivyozoea, ikatoka sauti ya kijiko kikigonga sufuria. Waimbaji walicheka. Nami nilicheka, lakini iliniuma, nikaenda na uchungu huo nyumbani.

Jumapili iliyofuata nilishuka Karagita. Nilimwambia Mjomba kwamba nataka kulielewa gitaa. Sababu sikusema, naye hakuuliza. Alinipa kiti pekee alichokuwa nacho, yeye akaketi kitandani. Vidole vyake vilikuwa na mikwaruzo ya miiba, na ncha za vile vya kushoto zilikuwa ngumu kama kwato.

"Usiangalie vidole, Mama. Angalia mkono wote unavyopita."

Nikaona. Mkono ukishuka, uzi mnene unalia kwanza, nyingine zinafuata mmoja baada ya mwingine, upesi kiasi kwamba sikio linadhani ni sauti moja. Ukipanda haugusi zote, unaparaza zile nyembamba tu. Na mkono wa kushoto unapohama, pana kimya kifupi.

"Hapo pia ni muziki," alisema. "Ukiziba hapo, watu watajua ni uongo."

Niliandika kila kitu kwenye daftari. Alinipikia ugali na samaki, akanisindikiza hadi barabarani akiwa amebeba mkoba wangu.

Nilifanya mazoezi wiki mbili. Niliacha kukanyaga pedali inayorefusha sauti, kwa maana gitaa halina pumzi ndefu hivyo. Nilitandaza noti kwa mikono yote miwili zikae zimeachana kama zinavyokaa kwenye nyuzi, nikaziporomosha kuanzia ile nene. Noti za kupanda nilizigusa kidogo tu. Kile kimya cha mkono unaohama nilikihesabu moyoni kila mara. Alhamisi moja tukarekodi nyimbo zote nne zilizohitaji gitaa.

"Eish!" fundi alisema. "Hiyo sasa ni gitaa."

Waimbaji walipiga makofi. Mzee wa duka alichungulia amtazame mpigaji, akashangaa kuniona nimeketi kwenye kinanda. Sitadanganya, nilifurahi. Namba ya simu ya Mjomba nilikuwa nayo. Ijumaa nzima nilikuwa nayo, sikumpigia.

Jumamosi Mjomba akafika. Alikuwa amebadilishana zamu na mwenzake, na gitaa alikuwa amelitia nyuzi mpya.

"Mzee, hiyo sehemu tushamaliza," fundi alimwambia, akamchezea wimbo wa kwanza.

Mjomba alisikiliza amesimama, gitaa bado limo ndani ya shuka. Niliona vidole vyake vya kushoto vikitembea juu ya kitambaa, vikifuata wimbo. Kisha vikaacha.

"Ni nani amepiga?"

Wote walinitazama mimi. "Ni kinanda tu, Mjomba," nilisema.

"Umeweka hata kile kimya," Mjomba akasema. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

Kiongozi wa kwaya alimwomba aimbe na wanaume wa sauti ya chini, akaimba vizuri. Alipoondoka sikumsindikiza. Nilibaki nikirekebisha mwisho wa wimbo wa pili, ambao haukuwa na kosa lolote. Hakuja tena mazoezini, nami nikajiambia ni kazi ya shamba.

Desemba tukapiga kura. Mwishoni mwa Januari vurugu za uchaguzi zilifika Nakuru, kisha Naivasha, watu wakisakwa mlango kwa mlango kwa sababu ya lugha waliyozungumza. Siku tatu simu ya Mjomba haikupatikana. Tulikaa ndani, mapazia yamefungwa, mama akitembea kutoka jikoni hadi sebuleni na kurudi. Siku ya nne alitupigia kwa simu ya mtu mwingine, kutoka uani kwa kituo cha polisi.

"Niko mzima, Mama. Mwambie dada nimetoka na viatu tu."

Chumba chake kiliteketezwa na kila kilichokuwamo. Baada ya siku chache alipanda lori lililosindikizwa na askari, akarudi nyumbani kwao, magharibi mwa Kenya.

Agosti 2008 mimi na mama tulienda kumwona. Alikuwa akilima mahindi katika boma la marehemu baba yao. Mama alikuwa amebeba ile CD ya kwaya, na jirani mmoja mzee, aliyemjua Mjomba tangu ujana, akaleta redio yake. Watu wakaketi uani kusikiliza.

"Aa! Huyu ni wewe!" jirani alipaza sauti gitaa lilipoanza. "Hii mkono naijua!"

Nilimwomba Mungu Mjomba aseme ndiyo.

"Hapana," Mjomba alisema, akininyooshea mkono kwa fahari. "Ni Mama huyu."

Jirani akanitazama vidole. "Kumbe unajua gitaa?"

"Sijui," nilisema.

Jioni nilimkuta Mjomba akipukuchua mahindi, nikaketi kumsaidia.

"Mjomba, ile Jumamosi..." nilianza. Alingoja. Punje ziliendelea kudondoka kwenye beseni. "Nataka nikutafutie gitaa lingine," nikamalizia.

"Vidole vimelainika, Mama. Siku hizi ni jembe tu."

Sicho nilichotaka kusema, na nadhani alijua. Mama akatuita tukale.

Nimetafuta sana kanda yoyote ambayo yeye mwenyewe anapiga. Nimepata moja tu, ya harusi ya binamu. Anasikika kwa mbali, nyuma ya kelele za sahani, kisha mshereheshaji anashika kipaza sauti na gitaa linapotea. Mjomba yuko bado. Nikimpigia simu tunaongea juu ya mvua na bei ya mbolea, ananiuliza kama bado napiga kinanda, namwambia napiga. Ile Jumamosi sijaitaja tena.