Ukuta wa Mama Rehema

Nyumba ya Bunju ilinukia rangi mpya. Nilikuwa darasa la nne, na likizo ile wazazi wangu walikuwa wakitafuta nyumba ya kununua ili tuhame chumba na sebule tulichopanga Temeke. Baba aliipenda papo hapo kwa sababu ya sebule yake, pana kama darasa. Mimi na mdogo wangu tulivua ndala tukateleza kwenye sakafu ya baridi, mpaka Mama akatuambia tusimame. Alikuwa akitazama mstari wa saruji mpya uliokatiza sakafu kutoka upande hadi upande, na juu yake dari iliyobonyea kidogo.

"Hapa palikuwa na ukuta," alimwambia mwenye nyumba, mjane aliyeitwa Mama Rehema. "Mliuondoa kwa nini?"

Baba aliona aibu, kwa kuwa alikuwa ameshaahidi kununua. Mama Rehema alisema mumewe alilala kitandani miaka miwili bila kuweza kuinuka. "Chumba chake kilikuwa hapo. Alikuwa akitusikia tukila, tukicheka, naye yuko peke yake. Nikaita vijana wakauvunja. Alifariki tukiwa tumemzunguka."

Nilidhani Mama angeishia hapo. Lakini alimshika mkono Mama Rehema. "Pole sana, dada yangu. Ila naomba nimlete fundi apande juu. Watoto watalala humu."

Kesho yake Fundi Saidi, jirani yetu wa Temeke, alipanda darini na tochi, akashuka na vumbi kichwani. Kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa, zilikuwa zimeungwa juu ya ukuta ule, alisema. Sasa zinashikiliwa na misumari tu.

"Mama, leo msilale humu," alimwambia Mama Rehema.

Mama Rehema aliketi sakafuni. Wajukuu zake walikuwa wakilala pale kila siku. Jioni ile ile Baba, aliyekuwa amenuna tangu asubuhi, alimsaidia fundi kusimamisha miti ya kutegemeza paa. Tulihamia baada ya nguzo mbili na boriti ya zege, zilizowekwa mahali pa ukuta ule, kukauka.

Mwaka jana nilinunua nyumba yangu Kibamba. Mhandisi aliniandikia ripoti ndefu inayoeleza kila ukuta umebeba nini, na ninalala bila wasiwasi. Lakini mwenye nyumba sikumwona hata mara moja; dalali aliniletea karatasi zikiwa zimeshasainiwa. Chumba cha nyuma kina dirisha lililozibwa kwa matofali, na sina wa kumuuliza.