Usukani wa Baba Mkwe

Gari lenye usukani mzito halidanganyi. Anayedanganya ni mwenye gari. Maneno hayo niliyasema kwa miaka mingi kwenye gereji yangu ya mabati pale Tunduma, na wateja walicheka kwa sababu kila mmoja alidhani namsema mwenzake. Mtu analeta gari, anaapa kwamba pawa ya usukani imekufa, ukitazama unakuta tairi za mbele hazina upepo. Mwingine kaongeza oili ya breki kwenye kikopo cha pawa, kwa kuwa ndiyo aliyokuwa nayo nyumbani. Imekula mipira yote ya ndani, na bado ana uso wa kuuliza kwa nini linavuja.

Kwa hiyo nilijiwekea sharti. Kabla sijashika spana, mwenye gari aendeshe yeye, mimi nikae kiti cha pembeni, twende mpaka kwenye foleni ya malori ya mpakani tugeuze na kurudi. Njia nzima sikuwa natazama barabara. Nilikuwa natazama mikono yake. Nusu ya magonjwa ya usukani niliyatambua hapo, kabla ya kufungua boneti.

Sharti hilo nililivunja kwa mtu mmoja tu, baba yake mke wangu.

Alikuwa mkulima wa kahawa huko Ruanda, upande wa Mbozi. Enzi hizo tulikuwa bado Mkoa wa Mbeya, mpaka umechangamka, na magari ya mitumba yanapita Tunduma kama siafu. Alijipatia pikapu moja kuukuu, akawa anashuka nayo bondeni Kamsamba kuchukua mpunga na kuupandisha huku juu kwenye baridi. Aliipenda kupita kiasi. Alikuwa akiifuta vumbi kwa kofia yake mwenyewe.

Mimi nililelewa kwamba mkwe haguswi. Ukikutana naye unachuchumaa kando ya njia, unapiga makofi taratibu, unasubiri aitikie. Humpi mkono. Huli naye sahani moja. Kukaa naye bega kwa bega kwenye kiti cha pikapu ilikuwa aibu hata kuifikiria. Mama mkwe ndiyo usiseme: akiniona alijifunika kitenge na kugeuzia uso dirishani. Siku hizi vijana wanakaa na wakwe zao kochi moja wakitazama mpira. Sisi hatukuwa hivyo, na kwa muda mrefu nilijivunia kwamba hatukuwa hivyo.

Mara ya kwanza alipoleta pikapu, ugonjwa ulikuwepo kweli. Mkanda wa pampu ulikuwa umelegea, ukilia kila akikata kona, na mpira mmoja wa oili ulikuwa umepasuka. Nilibadilisha vyote, nikajaza oili nyekundu, nikainua magurudumu ya mbele kwa jeki na kuuzungusha usukani kushoto na kulia hadi mapovu yakaisha. Kisha nikaenda kulijaribu peke yangu. Nililiendesha kwa kidole kimoja. Nilirudi nikachuchumaa, nikamwambia, "Baba, limepona."

Akaitikia, "Ee, mkwe wangu. Mungu akubariki."

Baada ya miezi miwili akarudi. "Mkwe, lile gari bado zito. Kukata kulia ndiyo shida kabisa."

Nikakagua upya, sikuona kitu. Nikalijaribu peke yangu, likawa jepesi. Nikasema labda pampu inachoka ikipata joto, nikavuka mpaka hadi Nakonde, upande wa Zambia, kutafuta nyingine. Muuza vipuri wa kule alinisalimu kwa Kibemba, "Mwapoleni, mukwai," akanitolea pampu iliyovuliwa kwenye gari lililopata ajali, nzima kabisa. Nikaifunga. Jepesi. Mzee akaondoka nalo, na kabla kahawa haijaiva akawa amerudi tena.

Safari hiyo nilipandwa na hasira. Mimi ndiye niliyekuwa nikiitiwa magari yaliyowashinda mafundi wa Mbeya mjini, leo pikapu ya mkwe inanivua nguo. Nilimfokea mke wangu jikoni: "Baba yako ananidharau! Gari ni zima! Anataka nini?" Mke wangu aliendelea kuchambua maharage. Nilidhani amenuna.

Siku iliyofuata nilifungua sanduku zima la usukani mbele ya mzee, nikalipanga kipande kwa kipande juu ya gunia ili aone kwa macho yake. Alisimama chini ya bati, amevaa koti la baridi kwenye jua la Tunduma, mkono wa kulia mfukoni. Nilipomaliza, alikwenda kwenye mlango wa dereva. Aliufungua kwa mkono wa kushoto, akaupitisha huo wa kushoto mbele ya kifua, akauchomoa wa kulia mfukoni na kuuweka juu ya usukani, kama mtu anavyompandisha mtoto kitini. Vidole havikukunjika.

Nilielewa papo hapo. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti cha pembeni, kitenge usoni. Siku hizo alikuwa akifuatana naye kila safari, na watu wa Ruanda waliwatania kwamba wazee wameoana upya. Nilimtazama mzee, naye akanitazama.

Yapo maneno matatu ambayo ningeweza kuyasema: gari bado bovu. Ningechomoa kipuri kimoja, nikadai hakipatikani mpaka Dar es Salaam, na pikapu ingelala gerejini kwangu hadi leo. Hakuna mkwe ambaye angevunjiwa heshima. Lakini hapo ningekubali kwamba gari la kwetu limenishinda, na mafundi wenzangu walikuwa wamesimama pale wanasubiri kusikia. Nikachuchumaa, nikapiga makofi.

"Baba, limepona kabisa," nikasema. "Ila pumzika kidogo kwenda bondeni."

"Kama limepona," akaniuliza, "mbona nisiende?"

Akaondoka.

Jioni nilimwambia mke wangu nilichokiona. Akalia. Kumbe alijua tangu msimu wa kupanda, kwamba baba yake aliamka asubuhi moja mkono umekufa ganzi, na mama yake alikataza mtu kulitaja. Tukakubaliana tumtume mshenga wetu, maana habari za aina hiyo mkwe hazisemi kwa kinywa chake. Mshenga alikuwa Ivuna, alikokwenda kuchukua chumvi. Tukasema atakwenda akirudi. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo wahenga walivyosema, lakini sisi tuliokuwa tunamsaidia kuyaficha tulikuwa watu wazima wenye akili zetu.

Mshenga hakuwahi. Pikapu iliacha njia kwenye mteremko wa kushuka Kamsamba, kwenye kona ya kulia. Mzee alitoka na michubuko. Mama mkwe alifia pale pale.

Mtu mmoja aliyekuwa amepanda nyuma, juu ya magunia matupu, ndiye aliyenieleza. Alisema njia nzima aliuona mkono wa mama kupitia kioo cha nyuma. Kila kona ya kulia, mama alikuwa akinyoosha mkono na kuuvuta usukani pamoja na mumewe. Kisha joto la bondeni likamlegeza mama, akasinzia. Hapo nikaelewa kwa nini gari lilikuwa likienda miezi yote ile.

Msibani nilikaa nyuma, kwenye magogo. Mzee alikuwa kwenye mkeka, mkono umefichwa chini ya blanketi, anawaeleza waombolezaji, "Usukani ulikataa. Nilikata, ukakataa." Shemeji yangu mkubwa akasimama na kunionyesha kidole mbele ya watu wote. "Mara tatu ulipelekewa gari! Mara tatu ukasema limepona! Umemuua mama yetu!"

Mke wangu aliinuka upande wa wanawake. Nilijua anachotaka kusema, na nikamtikisia kichwa akae. Nilitambaa kwa magoti hadi mbele ya mkeka, nikapiga makofi, nikasema, "Baba, nisamehe. Kosa ni langu." Watu walidhani nazungumzia usukani. Mimi nilikuwa nazungumzia lile neno nililolisema nikiwa nimechuchumaa mbele ya mafundi wenzangu. Sikudanganya, na hilo halijanisaidia hata siku moja kulala.

Wateja walipungua kama ilivyotarajiwa. Nani apeleke usukani wake kwa fundi aliyemuua mkwewe? Nikahamia kwenye kuziba pancha.

Miaka kadhaa baadaye mzee aliugua, tukamleta kwetu Tunduma. Mkono wa kulia ulikuwa umekauka, hakuuficha tena. Asubuhi moja mke wangu alikwenda sokoni, tukabaki wawili, yeye kwenye kiti, mimi nimechuchumaa mlangoni kama kawaida. Aliniita.

"Mkwe. Zile siku ulizokuwa ukilijaribu lile gari peke yako. Usukani ulikuwaje?"

Alikuwa anautazama mkono wake. Nilisikia malori yakipiga honi kwenye foleni. Miaka yote nilikuwa nikilisubiri swali hilo, na nilikuwa nimeliandalia jibu la kweli.

"Mzito, baba," nikasema.

Kisha akasema, "Njoo unifunge vifungo vya shati." Nikaenda, nikamshika kwa mara ya kwanza maishani mwangu, na nilipofika kifungo cha juu nikaona anatokwa machozi.

"Ulikuwa mwepesi," akasema.