Wanyama Wasio na Shingo

Mie shule niliishia darasa la nne, na walionitoa nawajua. Ni wawili: shangazi yangu na mwalimu wa kuchora. Watu huniambia, "Samehe, yameshapita." Wengi wanaosema hivyo shule waliimaliza.

Nililelewa na shangazi, Malindi ya Unguja, baada ya mama kufariki. Siku moja nikarudi na kitabu cha hadithi cha shule, kimejaa sanamu za wanyama. Shangazi akavaa miwani, akachomoa kalamu ya wino, akaanza ukurasa wa kwanza. Kila mnyama akampiga mstari mweusi shingoni. Penye sanamu ya chenye roho malaika hawaingii. Ukishaikata shingo kwa kalamu, si kiumbe tena, malaika hawana neno. Ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo alivyofanya mpaka kwenye makopo ya maziwa. Mkono wake ulikuwa nadhifu, hilo simnyimi. Simba, punda na jogoo wote aliwamaliza kabla ya adhana ya alasiri.

Twiga sikuwahi kumwona, Unguja hatuna twiga. Twiga wangu wa kwanza nilimkuta kitabuni humo ana mstari shingoni tayari, nami nikajua ndivyo alivyoumbwa, kama punda milia alivyopewa milia yake. Mwalimu aliposema tuchore twiga, nikamchora, na mstari nikauweka mahali pake.

Mwalimu akaiinua karatasi yangu darasa zima liione.

"Huyu twiga kachinjwa," akasema. "Hebu muulizeni mwenzenu, kapiga bismillahi?"

Kuanzia siku hiyo nikaitwa Mchinja Twiga, dukani, uchochoroni, mpaka chuoni kwenye juzuu za Kurani. Kila asubuhi nikawa nakataa kwenda shule. Shangazi hakuuliza kwa nini. Alinikabidhi mbuzi nikune nazi. Nikakuna mpaka nikaolewa. Mwalimu yeye alistaafu kwa heshima, wakampikia biriani. Mbuzi wa siku hiyo naamini alipigiwa bismillahi.

Sasa shangazi anaishi kwangu. Wanawe wako Maskati, wanampenda sana kwa simu. Nnaye pia mjukuu wangu wa darasa la pili. Mwalimu wake huwaazima watoto vitabu kwa sharti moja: atakayekirudisha kimechorwachorwa, haazimwi tena. Mtoto huyu kitabu kwake ni bora kuliko chapati. Yeye husoma kwa sauti, nami nafuata kwa kidole, silabi moja moja, na nshafika mbali. Tulikuwa tukisoma shangazi akiwa kwenye mswala.

Siku hiyo alimaliza mapema, akatukuta ukumbini na kitabu cha viumbe wa baharini.

"Kina sanamu hicho?"

"Hakina, shangazi."

"Kinazo, Bi Mkubwa," akasema mjukuu. Huko kusema kweli tumemfundisha wenyewe.

"Lete hapa."

Akakipakata. Kalamu anayo siku zote, chini ya mto. Nina miaka hamsini na kitu, nimezaa, nimezika mume, na hapo nikawa tena mtoto wa darasa la nne. Nilimwona mjukuu wangu keshanyimwa vitabu, keshapewa mbuzi. Nikataka kumnyang'anya. Lakini mzee kitu humpokonyi mkononi. Hilo nalo alinifundisha yeye.

Akafungua. Pweza, ukurasa mzima. Kalamu ikashuka, ikasita, ikaenda kushoto, ikarudi kulia.

"Shingo yake iko wapi huyu?"

"Hana, Bi Mkubwa," akasema mtoto. "Kichwa kimeungana na mikono."

"Hata kidogo?"

"Hana. Lakini ana mioyo mitatu, na damu yake buluu. Imeandikwa hapa."

Pweza wa nazi shangazi kampika umri wake wote, nazi nikikuna mimi, na mioyo hakuwahi kuihesabu. Akakisogeza kitabu karibu na miwani.

"Mitatu," akasema. "Na mie huu mmoja unanishinda." Akaiweka kalamu chini. "Hebu soma tena hapo."

Ukurasa wa pili nilikuwa nshauchungulia: kasa, na kasa ana shingo, tena inaonekana wazi. Nikalamba kidole, nikafunua kurasa mbili kwa pamoja. Tukatua kwa kaa. Kaa naye hana.

Tangu hapo tunasoma watatu, kila alasiri. Mjukuu nshamweleza achague nini: chaza, kiti cha pweza yule wa umbo la nyota, volkano. Sayari nazo zimetufaa sana. Kuniomba radhi shangazi hajaniomba. Anachouliza ni kama jua nalo lina moyo.

Juzi mwalimu wa mtoto akaniita.

"Wenzake wote wanagombea simba," akasema, "yeye anataka viumbe wasio na uti wa mgongo na sayari tu. Huyu atakuwa mwanasayansi. Nani anamwongoza nyumbani?"

"Shangazi yangu."

"Mpe hongera zake."

Nikazifikisha. Shangazi akazipokea kama haki yake.