Ngoma Ndogo Haikujibu

Mwaka jana, wakati wa kuvuna maharagwe, mwenzangu wa shule aliozesha binti yake pale Kingi, milimani kwetu, akatualika sisi wawili aliokuwa bado anajua namna ya kutupata. Yeye alikuwa akipiga matoazi katika fanfari, bendi ya tarumbeta na ngoma ya shule yetu. Mwingine alipiga tromboni, na sasa ni muuguzi upande wa Itebero, ndani ya misitu ya Walikale. Mimi nilipiga ngoma ndogo. Nafundisha shule ya msingi mjini Goma, na tangu nilipoondoka milimani sijashika tena vile vijiti.

Siku ya pili baada ya harusi, wageni walipokuwa wamekwisha kwenda, tulikaa nyuma ya nyumba tukipukuchua maharagwe juani. Tulikuwa hatujaonana sote watatu kwa zaidi ya miaka ishirini. Mwanzoni tulizungumza juu ya watoto na barabara. Kisha mpiga tromboni akauliza kama tunakumbuka mabuti ya mvua, tukaanza kucheka wote kwa mara moja.

Shule haikuwa na viatu vya kutupa, basi prefe, mkuu wa shule, aliamua kwamba fanfari yote itavaa mabuti meusi ya mpira, yale ya kulimia. Kila nyumba ilikuwa nayo. Tulikuwa kumi na wanne, shati jeupe, sketi au suruali ya buluu, na mabuti ya shamba yaliyosuguliwa kwa mafuta ya mawese mpaka yang'ae. Tukipiga hatua kwa pamoja yalitoa sauti nzito kama mtu anayejikohoza. Tarumbeta moja ilikuwa na tundu, tukaliziba kwa nta ya nyuki, na jua likiwa kali nta iliyeyuka katikati ya wimbo, tarumbeta ikaanza kulia kama mbuzi. Nyimbo tulizozijua vizuri zilikuwa tatu. Ng'ombe wa malisho ya jirani walizizoea, wakawa wanakuja mpaka kwenye uzio kila tulipofanya mazoezi.

Mpiga matoazi alicheka mpaka akajifuta macho kwa kitenge. Halafu akasema, "Na ule wa ngoma kubwa."

Mikono yetu ikarudi kwenye maharagwe.

Huyo wa ngoma kubwa alitoka Itebero. Alikuwa mrefu kutupita wote, mtaratibu, mtu wa kuwaza kabla ya kujibu. Kila mwanzo wa muhula alikuja kwa miguu, siku nyingi za njia ya msitu, na mgongoni alibeba ndizi zilizokaushwa na nyama iliyobanikwa kwa moshi ambayo mama yake alimfungia kwenye majani. Alitugawia wote ile siku ya kwanza, halafu muhula mzima alikula chakula cha bweni kama sisi. Ngoma kubwa ilikuwa moja tu, na hakuna mwingine aliyeweza kuibeba kupanda mlima bila kupoteza mapigo.

Mwalimu wetu wa fanfari, ambaye pia alitufundisha jiografia, alikuwa ametupa kanuni moja kwa ajili ya ukungu. Kule kwetu ukungu ukishuka huoni mkono wako. Ngoma kubwa hutembea nyuma kabisa, ngoma ndogo mbele. Mstari ukikatika, ngoma kubwa inasimama palepale njiani na kupiga pigo moja, inanyamaza, pigo moja tena. Aliyepotea anatafuta njia kwa sauti ile, kisha anaiacha mgongoni na kuteremka mpaka awakute wa mbele. Mwalimu akishahesabu watu wote, ngoma ndogo inajibu kwa mapigo ya haraka. Hapo wa nyuma anajua kazi yake imekwisha, anateremka. Tulifanya hivyo mara nyingi, na siku zote aliteremka akitabasamu, matone ya maji kwenye nyusi.

Mwaka wetu wa mwisho tuliitwa kupiga kwenye sikukuu ya kanisa huko Kalembe. Tulipiga vizuri, tukalishwa vizuri. Kesho yake tulianza kurudi asubuhi, na baada ya adhuhuri, tukiwa tunateremka kuelekea kijito, ukungu ukatukuta. Halafu risasi zikalia juu yetu, kwenye mgongo wa kilima. Kila mtu alikimbilia ulikoelekea uso wake. Mimi nilikuwa mbele, nikaanguka, nikateleza na ngoma yangu mpaka chini, kijitoni. Mwalimu alinikuta pale.

Ndipo tuliposikia ngoma kubwa. Pigo moja, kimya. Pigo moja.

Walifika mmoja mmoja, wengine wakitambaa, midomo myeupe. Mwalimu aliwahesabu kwa kuwagusa vichwa. Tulipofika kumi na tatu alinigeukia, akaniashiria kwa kichwa nipige.

Haya yote tuliyasimulia pale Kingi, huyu akianza na yule akimalizia, na maharagwe yakawa yamesahauliwa mapajani. Mpiga matoazi akasema kwamba asingekuwa yeye, tungeliwa na ule mlima. Alisema kila mwaka anamwombea misa. Kisha akauliza, kwa upole, kama mtu anayeuliza habari za ugonjwa wa zamani:

"Lakini juu ya nini hakuachaka kupiga? Sisi wote tulikuwa tumefika."

Swali hilo, la kwa nini hakuacha, nililisubiri nusu ya maisha yangu. Nyumbani kwangu Goma, jirani akitwanga sombe, majani ya muhogo, peke yake, mchi mmoja kinuni, pigo moja, kimya, pigo moja, siwezi kukaa. Natoka, nachukua mchi wa pili, natwanga naye mpaka sauti zichanganyike. Majirani wananisifu kwamba mimi ni mtu wa kusaidia. Mume wangu alikufa bila kujua sababu. Darasani, asubuhi za ukungu kutoka ziwani, nahesabu wanafunzi, na nikifika kumi na tatu ulimi unakwama, kwa hiyo nimejizoesha kuwahesabu kwa mistari ya madawati.

Niliwaambia. Nilisema kwamba nilikuwa nimeshika vijiti, na ngoma ilikuwa nzima. Nilisikia sauti za wanaume juu ya ukingo, karibu kiasi cha kusikia mmoja akikohoa, nikajua nikipiga watatusikia. Sikupiga. Mwalimu aliniangalia, mimi nikaangalia maji. Hakurudia. Juu pale ngoma kubwa iliendelea. Alikuwa anatusubiri tumwambie kwamba tumefika. Alipiga kwa muda mrefu sana. Halafu hakupiga tena.

"Mikono yangu ilikuwa huru," nikawaambia. "Hakuna mutu alinizuia."

Mpiga tromboni aliweka chini ungo wake. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Dada, hapana," akasema. "Mimi njo nilikushika mukono."

Nilidhani ananihurumia. Lakini alinionyesha: alikuja upande wangu wa kulia, akapiga goti kama vile siku ile, akanishika kifundo cha mkono. Alisema nilikuwa nimenyanyua vijiti, nilikuwa nataka kupiga, yeye akanishika na kuniminya mpaka nikaviachia. Alisema anakumbuka kwamba ngozi yangu ilikuwa baridi na matope yalikuwa yamefika kwenye kiwiko. Alisema kwa miaka yote hii aliamini kwamba mimi ninajua, na ndiyo maana hakuwahi kunitafuta.

Nilimwambia sikumbuki mkono wowote. Alisema ninajisingizia. Tulikuwa tunabishana kama watoto wanaogombea kitu, kila mmoja anavuta kwake, na kitu chenyewe kilikuwa kosa lile. Tukamgeukia mpiga matoazi atuamue. Alikuwa amejikunja, mikono masikioni.

"Mimi sikuonaka kitu," akasema. "Nilikuwa nimeziba masikio na kufunga macho. Musiniulize."

Mwalimu ndiye angeweza kutuambia. Kesho yake, baada ya siku ile ya risasi, alirudi kilimani peke yake, akakuta majani yaliyokanyagwa na nyayo za mabuti mengi, hakuna ngoma, hakuna mtu. Alirudi tena wiki ile, na tena. Shule ilifungwa baadaye, tukatawanyika, na yeye aliugua akafa uhamishoni. Hakuwahi kunilaumu kwa neno. Kila aliponisalimu alinishika mkono wa kulia na kuushikilia muda mrefu kuliko kawaida, na sijui alikuwa anatafuta nini pale.

Jioni ile mpiga tromboni alitueleza jambo la pili. Mama wa yule wa ngoma kubwa yu hai, na yeye muuguzi ndiye anayempima presha kila mwezi. Alipopangiwa kazi Itebero hakujua kwamba mama huyo yupo. Siku moja alisoma jina la ukoo kwenye karatasi ya mgonjwa, akamtazama yule mama, akauona ule urefu. Ni miaka sita sasa. Hajamwambia kwamba alisoma na mwanawe. Anamfungia kitambaa mkononi, anapuliza hewa, anasikiliza, anaandika, anamwambia apunguze chumvi.

Nilisema nitakwenda naye Itebero, tumwambie yule mama. Mpiga matoazi alisema hawezi, akatufungia maharagwe mapya ya kupeleka.

Tulikwenda kwa pikipiki mbili mpaka Kalembe, tukisimama kwenye vizuizi na kuonyesha vitambulisho, kisha tukaendelea kuingia msituni, na pale ambapo matope yalishinda pikipiki tulitembea. Tulipopita kile kijito, kabla ya Kalembe, sikukitambua. Mpiga tromboni alisema ni hiki, mimi nikafikiri ni kile cha mbele, na wote wawili tulipita bila kusimama.

Yule mama alikuwa amekaa mbele ya jiko lake akitenga mbegu za karanga. Macho yake yameanza kuingia ukungu, lakini alimtambua muuguzi kwa hatua zake, akauliza kama leo ni siku ya presha. Muuguzi alisema hapana, Mama. Akakaa chini kabisa, juu ya udongo, akasema alichokuja kusema. Nami nikasema changu. Tulimweleza kanuni ya ukungu, hesabu, vijiti. Nilimwambia kwamba mtoto wake alikuwa akisubiri jibu langu, na mimi sikujibu. Muuguzi akasema ni yeye aliyenizuia. Sikumpinga tena. Mbele ya mama yule ilionekana ni aibu kugombania.

Alisikiliza mpaka mwisho. Vidole vyake viliendelea kutenga karanga, nzuri huku, mbovu huku. Akasema wazee wa ukoo walitaka kuzika kigogo cha mgomba badala ya mwili, ili roho ipate mahali, na padri naye alitaka kusoma misa ya marehemu. Yeye aliwakatalia wote. "Siwezi kuzika mutu ambaye hakuna aliyenielezea siku yake ya mwisho," aliwaambia.

Kisha akaniuliza nilikuwa na miaka mingapi.

"Kumi na saba, Mama."

"Yeye alikuwa na kumi na nane," akasema. Hakuongeza neno juu ya hilo, wala la kusamehe wala la kulaani, na mimi sikuthubutu kuomba.

Akachota karanga nyingine, akauliza kitu kingine.

"Ile siku, alikulaka nini?"

Sikuwa nimekifikiria chakula kile hata mara moja tangu siku ile, na bado kilikuja chote. Nilimwambia kwamba asubuhi, kabla hatujaondoka Kalembe, akina mama wa kanisa walitupa bugali ya muhogo, maharagwe na sombe iliyopikwa kwa mawese mengi. Kwamba yeye alikula sahani mbili, na mama mmoja akamcheka kwa urefu wake, akamwongezea samaki mdogo wa kukaushwa. Kwamba alinawa mikono, akasema sombe ile ilikuwa nzuri lakini haijafika ya nyumbani.

Mama aliacha karanga. "Alisema hivyo?"

"Alisema hivyo, Mama."

"Haijafika ya nyumbani."

"Ndiyo."

Akaniomba niseme tena tangu mwanzo, pole pole, nani alipakua, sahani ilikuwa ya rangi gani. Nilisema ilikuwa ya bati, nyeupe, yenye mdomo wa buluu. Sina hakika. Nafikiri ilikuwa ya buluu. Muuguzi alikuwa ameinamisha kichwa na hakunisahihisha.

Tulilala pale, na asubuhi mama alituma kumwita mkubwa wa ukoo. Kabla sijaondoka, aliniambia nisimulie tena mbele ya yule mzee kile chakula, sahani mbili na yule samaki, kisha akamwambia mzee kwamba sasa wanaweza kuchagua mgomba.