Mzambarau wa Uani

Mzambarau wetu niliukata mimi. Aliyeshika msumeno alikuwa fundi wa kulipwa, lakini mama alikuwa amekwenda Chaani kwenye arobaini ya shoga yake, na mimi ndiye niliyeiona nafasi. Nilikuwa nimechoka. Kila msimu zambarau zilianguka ua mzima hapa kwetu Bofu, zikaacha madoa kwenye nguo nilizoanika na kwenye sakafu mpya ya sementi.

Mama aliporudi alisimama uani na buibui lake, akatazama pale palipokuwa na kivuli. Hakunigombeza. Aliingia ndani akavua viatu. Afadhali angenitukana.

Mwaka wa pili akaanza kusahau. Kwanza chumvi kwenye mchuzi, halafu njia ya dukani, halafu akasahau kwamba mti haupo. Daktari alitueleza kuwa matunda yenye rangi nzito yana viini vinavyoweza kuukinga ubongo usichakae haraka.

"Si dawa, na siwezi kuwaahidi kitu," akasema. "Lakini mama ale. Nyumbani hamna mzambarau?"

Nikamjibu hatuna.

Tangu siku hiyo mimi huvuka feri mpaka Nyali, kwenye duka kubwa, kununua bluberi, vitunda vya kigeni vyenye rangi ya zambarau na visivyongoja msimu, katika kikopo kidogo cha plastiki. Mama huzitia kwenye bakuli, hunyunyiza chumvi, hufunika na sahani, kisha hutikisa huku ameinamisha sikio, kama alivyofanya na zambarau tangu nikiwa mdogo. Hilo hajalisahau. Mimi hukaa jikoni nisisikie.

Juzi akaniita.

"We mwanangu!"

"Abee, mama."

"Mti una nini mwaka huu? Zambarau ndogo hivi, na kokwa hazina! Wallahi una kiu ule. Wautia maji?"

"Nautia, mama."

"Hebu kautie nikuone."

Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli. Nikachukua ndoo. Yeye akaja dirishani na bakuli lake, akila moja moja. Nikasimama katikati ya ua, nikayamimina maji polepole juu ya sementi, yakatiririka mpaka mlangoni na kunilowesha miguu.

"Mungu akuweke, mwanangu," akasema. "Lau si wewe, mti huu ungekufa zamani."