Waya Usiosema

Mtaa mzima ulimwita Mama Pindo, kwa sababu hakuna aliyejua kupinda suruali kama yeye. Shule hakuisoma. Miaka ambayo wenzake walikaa darasani yeye aliwabeba wadogo zake mgongoni, na cherehani alifundishwa na shangazi yake. Vipimo vya wateja aliviweka kichwani, kiuno cha huyu na bega la yule, wala hakukosea.

Alikosea mara moja tu, nako kulikuwa kumchukua msichana fulani na kumfundisha kushona. Alimfundisha kutunga uzi, kukata kola, kuzungushia tundu la kifungo. Msichana alikuwa mwepesi wa kushika mambo, mpaka akamshika na mume wa mwalimu wake. Mume alifunga virago akamfuata. Ikapita miaka ishirini na miwili. Yule mwanafunzi akawa kaburini, mume akawa kwa mke wa tatu, na asubuhi moja mlango ukagongwa. Kizingitini alisimama binti mwenye mkoba mmoja na mdomo ule ule wa mama yake, yule mwanafunzi.

"Baba amesema nikae kwako, Mama mkubwa. Anasema una roho nzuri."

"Roho nzuri niliizika zamani," Mama Pindo alijibu. "Ingia, usisimame mlangoni kama mdai."

Ndivyo walivyoanza kuishi pamoja. Kulisha alimlisha, hilo hata jirani mwenye ulimi mrefu asingeweza kumsuta. Chai ilikuwepo, chakula kilifunikwa, sabuni haikukosekana. Ila maneno alimpimia kama kitambaa cha bei: kula, oga, funga mlango, angalia tangi.

Tangi lilikuwa nyuma ya nyumba, juu kidogo ya dirisha la chumba cha kushonea. Maji yakija lilijaa, na asipokuwepo wa kufunga bomba yalifurika na kuingia ndani. Siku moja binti aliachwa alinde tangi, akazama kwenye daftari lake. Maji yakaingia yakaloweka gauni la bibi harusi lililokuwa limebakiza vifungo tu. Mama Pindo alisimama na gauni mkononi linachuruzika, akamwambia: "Mikono ya kuharibu. Uliipata kwa mama yako." Binti alichukua tambara akapiga deki.

Binti huyo alikuwa anasoma ufundi wa umeme chuoni. Haukupita mwezi akaja na bodi ndogo ya kijani, kibao cha umeme bapa kama kiberiti kilichokanyagwa, imejaa vidude vidogo kama punje za ulezi. Akaiweka pembeni ya meza ya kukatia, akaiunganisha kwa waya na kompyuta aliyoazimwa na chuo, akaanza kuandika. Taa moja kwenye bodi ikawa inawaka na kuzima.

"Ndicho chuo hicho? Kuchezea taa?" Mama Pindo aliuliza, macho kwenye sindano.

"Naifundisha, Mama mkubwa. Naiambia: waka. Subiri sekunde moja. Zima. Subiri sekunde moja. Halafu rudia."

"Hata jogoo anajua lini awike, wala hakwenda chuo."

Binti akacheka. "Jogoo ana akili. Hii haina. Inafanya ulichosema, siyo ulichotaka kusema. Na kila agizo lazima ulifunge mwishoni kwa alama hii hapa, inaitwa nukta mkato. Ukisahau moja tu, inagoma yote."

"Kama fundo la mwisho wa uzi."

"Eh! Hasa. Kama fundo."

Mama Pindo alijikuta anataka kutabasamu, akauma uzi badala yake. Tangu siku ile akawa anamwita Injinia, kwa kejeli, na majirani wakalidaka jina.

Lakini Injinia hakuwa na utani na kazi yake. Kiwanda kimoja kilikuwa kimetoa nafasi moja tu ya kujifunzia kazi, na wanafunzi wawili walikuwa wanaiwania. Ijumaa kila mmoja angeonyesha mbele ya walimu kitu alichokitengeneza, chenye kazi ya maana, na kifanye kazi.

Jumapili kabla ya Ijumaa hiyo, Mama Pindo alitaka kuchaji simu. Mezani kulikuwa na nyaya mbili nyeusi, vichwa vyake mapacha. Akavuta uliokuwa karibu. Wake ukabaki pale. Mpaka hapo hapakuwa na hila yoyote, na yeye mwenyewe aling'ang'ania neno hilo baadaye: mpaka hapo.

Jumatatu binti alichomeka bodi. Taa ikawaka, lakini kompyuta ikasema haioni kitu. Akachomoa, akachomeka. Akazima kompyuta, akawasha. Waya hakuushuku, maana taa ilikuwa inawaka. Jumanne akabeba kila kitu mpaka chuoni. Mwalimu aliyekuwa na haraka zake akajaribu mara mbili kwa waya ule ule, akamrudishia. "Umeiunguza. Taa iko hai, ubongo umekufa. Ijumaa lete nzima, au nafasi aichukue mwenzio."

Jumatano mchana simu ya Mama Pindo iligoma kushika chaji, akaipeleka pamoja na waya wake kwa fundi simu pale kona. Fundi akachokonoa tundu la chaji kwa sindano.

"Ni nyuzi zako tu zimejaa humu. Unaishonea simu suruali?" Kisha akaunyanyua waya, akaupima unene kwa vidole. "Makubwa! Mama Pindo umekuwa mtu wa kompyuta?"

"Waya si waya?"

"Na uzi ni uzi? Tazama." Alikuwa na waya mbovu mezani, akauchana kwa wembe. "Huu una nyuzi mbili. Umeme tu. Huo wako una nne: mbili za kulisha, mbili za kusema. Ukiunganisha kitu na kompyuta kwa waya wa nyuzi mbili, kitashiba, kitawaka, lakini hakisikii wala hakisemi. Watu wangapi wametupa vitu vizima kwa ajili hiyo!"

Mama Pindo akaupitisha waya kati ya vidole. Kweli, ulikuwa mnene kidogo kuliko wake. Vidole vilivyojua nyuzi miaka thelathini vilikuwa vimeushika tangu Jumapili bila kusema neno. Na lile la kulisha bila kusema lilimchoma, kama vile fundi simu alikuwa amechungulia dirishani kwake.

Alirudi nyumbani ameshika waya ndani ya mfuko. Binti alikuwa ameketi ngazini, bodi mapajani, analia kimyakimya, midomo imejikunja vile alivyoikunja yule mwanafunzi wa zamani kila alipochomwa na sindano. Mama Pindo akafungua kinywa. Kilichotoka ni hiki:

"Chakula kimefunikwa."

Akapita. Na kwa muda wa kuvua viatu tu, aliona raha. Mimi nililia mwaka mzima, alijiambia, nani aliniletea waya? Kisha akaketi kwenye cherehani. Uzi ukakatika. Akatunga, ukakatika tena. Mkono wa shati akaushona ndani nje, akaufumua, akaushona vile vile. Jasho likamtoka kama mwizi anayesikia jina lake. Mama wa binti alimkosea, sawa. Baba alimkosea, sawa. Lakini huyu alipokuja duniani alikuta kila kitu kimeshachanika.

Waya ukalala mfukoni.

Alhamisi asubuhi binti alivaa sare ya chuo. "Mama mkubwa, nakwenda kumwambia mwalimu ampe mwenzangu. Sina bodi nyingine, na hii nimeiua mwenyewe." Akatazama viganja vyake. "Ulisema kweli. Ni mikono ya kuharibu."

Mama Pindo alihisi kama mkasi umemwangukia mguuni. Maneno yake mwenyewe yalikuwa yamehifadhiwa vizuri kuliko gauni la harusi.

"Ngoja," alisema. Akatoa waya. Ndipo palipokuwa pa kusema, akasema uongo. "Nimeupata kwa fundi simu. Anasema nyaya nyingine hulisha tu, hazisemi. Jaribu huu."

Binti akachomeka. Kompyuta ikatoa mlio mdogo. Ilikuwa imeiona bodi. Programu ilikuwa imeandikwa siku nyingi, ikisubiri njia tu, na kwa dakika moja ikavuka. Akakimbia kuleta ndoo, akatumbukiza boya lililounganishwa kwa waya na bodi na kengele ndogo, akamimina maji. Boya likapanda. Kengele ikalia mpaka kuku wa jirani wakatawanyika.

"Ni ya tangi letu," alisema, machozi na kicheko pamoja. "Likijaa inakuita. Usije ukaharibikiwa nguo tena." Akamrukia shingoni. "Ahsante, Mama."

Mama. Bila mkubwa. Mama Pindo alisimama mikono imening'inia, kama aliyevishwa nguo ya mteja mwingine.

Ijumaa binti aliipata nafasi. Aliwasimulia hata walimu jinsi mama yake, ambaye hakuenda shule, alivyoitafutia dawa bodi waliyoizika. Majirani walikuja kumpongeza Mama Pindo. "Kumbe injinia ni wewe!" Kila pongezi aliimeza kama mfupa.

Jumamosi kengele ilifungwa kwenye tangi. Jumapili maji yakaja, ikalia. Mama Pindo akafunga bomba, akabaki ameshika koki. Mwenye kosa hata kengele ya tangi humtaja jina. Akaingia ndani.

"Waya ulikuwa wako," alisema. "Niliuchukua kuchajia simu. Sikujua."

"Ah, Mama, hilo tu? Bahati mbaya."

"Halafu nikajua."

Binti akaacha kukunja nguo. "Lini?"

"Jumatano mchana."

"Jumatano nililia pale ngazini."

"Nilikuona."

"Kwa nini?"

"Ulifanana na mama yako," Mama Pindo alisema, na lilipotoka akaona lilivyo dogo, kitu alichokibeba miaka yote hiyo kama furushi. "Sina jibu zaidi ya hilo. Nisamehe, au usinisamehe."

Binti akamaliza kukunja nguo, akatoka.

Wiki iliyofuata alianza kazi kiwandani. Alirudi, akala alichowekewa, akaosha sahani, akapiga deki hata pasipokuwa pachafu. Hakukosa adabu. Aliamkia, akaaga, basi. Mama Pindo alikuwa anajua vizuri nyumba ya namna hiyo. Ni yeye aliyeijenga. Hakulalamika. Alishona, na mara nyingine alizungumza peke yake, habari za wateja na vipimo, ili binti akitaka asikie.

Jumapili ya tatu Mama Pindo alikuwa na kitambaa kizito chini ya sindano, cherehani inanguruma, na mwendo wa miguu yake ukafunika kila sauti. Nje kengele ikalia, ikalia tena. Hakuisikia.

Binti akajitokeza mlangoni. Alisimama kidogo, kama anayehesabu sekunde.

"Mama mkubwa," alisema. "Tangi."

Neno mkubwa lilikuwa limerudi mahali pake, na ilikuwa haki ya binti kulirudisha. Mama Pindo akaondoa miguu kwenye cherehani, akainuka haraka kwenda kufunga bomba.