Mpagazi Aliyevishwa Ngozi ya Simba

Bosi aliyeniajiri kumchora mpagazi hakuwa amewahi kufika Tabora hata kwa kupita. Alikuwa na ofisi Dar es Salaam, kiyoyozi na kiti cha kuzunguka, na alikuwa anatengeneza mchezo wa kompyuta wa kupigana: wahusika wanane, kila mmoja kutoka pembe yake ya nchi, wanatwangana mpaka mmoja alale. Mimi nilipewa mhusika wa kwetu, nikawa nafanyia kazi nyumbani, mtaa wa Ng'ambo, Tabora.

"Nataka mtu wa misafara," aliniambia kwenye simu. "Mnyamwezi halisi. Wakimwona tu, wamjue."

Nikamwamini. Huo ulikuwa upumbavu wangu, na nautaja kabla sijafika kwenye wa kwake.

Nilikwenda Itetemia kwa mjomba wangu, mkulima wa karanga na mzee wa kanisa. Babu yake alibeba meno ya tembo hadi pwani, si safari moja. Mjomba alimkuta akiwa kikongwe. Akaweka kiganja begani kwake mwenyewe. "Hapa palikuwa na nundu," akasema, "ngumu kama kisigino. Tukiwa watoto tulikuwa tunampanda mgongoni ili tuiguse. Na hakuwa mtu wa kukimbia. Hata mvua imnyeshee, mwendo ni ule ule."

Nikachora hivyo hivyo: nundu, nyayo pana, jino la tembo begani, fimbo mkononi, mwendo wa pole. Kisha nikamtia kwenye mchezo wa majaribio, nikampelekea fundi cherehani wa mtaa wa pili, mama wa makamo ambaye hakuna mwanamume Ng'ambo aliyewahi kumfunga kwenye michezo ya namna hii. Alimchezesha mpagazi wangu raundi sita, akapoteza zote. Akanirudishia kompyuta.

"Umechora picha nzuri," akasema. "Katundike ukutani. Huyu hapigani, anapigwa."

Iliniuma kwa sababu ilikuwa kweli. Nilikuwa nimemheshimu mpagazi mpaka nikamfanya gunia la kufanyia mazoezi. Nilihangaika wiki tatu. Mwishowe nikaona jambo lililokuwa mbele ya macho yangu siku zote: mpagazi hutua mzigo. Akiwa ameubeba, hakuna ngumi inayomrudisha nyuma. Akiutua anakuwa mwepesi na fimbo yake inafika mbali, lakini adui akiufikia mzigo, pambano limekwisha. Kwa hiyo anapigana huku akilinda kilicho nyuma yake. Fundi alijaribu tena, akashinda nne kati ya sita. Hakunisifu. Alianza raundi nyingine, suruali ya mteja ikiwa bado imeshikwa na sindano ya cherehani.

Nikatuma kazi Dar es Salaam. Baada ya siku chache nikarudishiwa mtu nisiyemjua. Mabega laini kama ya mtangazaji wa televisheni. Ngozi ya simba, pamoja na manyoya ya shingoni. Anaruka juu kuliko mti, anarusha meno ya tembo kama mikuki, na hayamwishii. Nikampigia bosi.

"Mzigo uko wapi?"

"Kaka, mzigo unachelewesha. Wachezaji wanataka kasi."

"Mpe kasi. Ngozi ya simba ya nini?"

"Inaleta ule Uafrika."

"Kwani sisi tuko wapi?"

Akacheka, akidhani natania.

"Na hayo maneno anayopayuka?"

"Kinyamwezi."

"Hicho si Kinyamwezi. Si lugha yoyote."

"Nani atajua?"

Nusu ya mkoa itajua, lakini kwake mkoa huo ulikuwa rangi kwenye ramani. Wapo marafiki wanaomtetea. Wananiambia mchezo ni mchezo, si somo la historia. Nakubali; fundi alinifundisha hilo kwa raundi sita. Angeutupa mzigo baada ya kuucheza na kuchoshwa nao, ningemheshimu. Lakini nilimuuliza, akakiri hakuucheza hata mara moja. Alitazama picha tu. Ukweli hakuutaka, na mchezo wenyewe hakuujua. Alichokijua ni bango la kuuzia.

Nilimwomba aondoe jina langu. Akaondoa, akaandika: "Mshauri wa utamaduni: mzee mmoja wa Tabora." Nina miaka thelathini na miwili.

Mchezo ulipotoka, mjomba aliomba auone. Alimtazama mrukaji yule hadi mwisho, kwa adabu ya mtu aliyezoea kusikiliza mahubiri marefu.

"Huyu anakwenda wapi?"

"Haendi popote, mjomba."

"Haya. Nionyeshe wa kwako."

Jumapili iliyofuata nilimpelekea, nikamfundisha vitufe. Alishika upesi kupiga na kukinga. Kutua mzigo alikataa katakata.

"Mjomba, ukiutua utashinda."

"Nimesikia," akasema, akaendelea kutembea nao, pole pole, akipigwa kila upande, na raundi ilipokwisha akaniambia nianzishe nyingine.